Mzee Anayesahau Hajarogwa: Fahamu Chanzo cha Dimensia

Mzee akiuliza swali lilelile kila mara, akipotea njia ya kurudi nyumbani au akishindwa kuwatambua watoto wake, wapo wanaosema amerogwa au ni mchawi. Huenda ana dimensia, yaani ugonjwa wa ubongo unaoharibu kumbukumbu, fikra na tabia. Shirika la Afya Duniani (WHO) linakadiria kuwa watu milioni 57 walikuwa nayo mwaka 2021.

Ubongo hupungua kidogo kila mtu anapozeeka. Kwa mwenye dimensia, seli nyingi hufa na ubongo husinyaa kupita kawaida.

Sababu kuu

• Ugonjwa wa Alzheimer: huchangia asilimia 60 hadi 70 ya dimensia.
• Presha, kisukari na sigara: huharibu mishipa ya damu na huweza kuleta kiharusi.
• Pombe nyingi kwa miaka mingi, hasa kwa mtu asiyekula vizuri.
• Kuumia kichwa kwa ajali, kipigo au vita.
• VVU au kaswende isiyotibiwa.

Hali zinazofanana na dimensia lakini zinatibika

Upungufu wa vitamini B12, matatizo ya tezi ya shingo, sonona, damu kuvilia kichwani baada ya kuanguka, na madhara ya baadhi ya dawa. Ndiyo maana vipimo ni muhimu kabla ya kukata tamaa.

Familia ifanye nini?

1. Mpelekeni kituo cha afya mkiwa na dawa zote anazotumia. Mwelezeni mhudumu tatizo lilianza lini.
2. Akichanganyikiwa ghafla, au mdomo ukienda upande, mkono ukilegea au akishindwa kuongea, msisubiri kesho. Inaweza kuwa malaria kali au kiharusi.
3. Msimfungie wala kumfunga kamba. Zungumzeni naye polepole na mfuate ratiba ileile kila siku.
4. Mwekeeni mfukoni karatasi yenye namba ya simu ya ndugu, na waambieni majirani wamsaidie wakimwona amepotea.

Alzheimer bado haina tiba ya kuiponya, lakini matunzo mazuri humpunguzia mgonjwa mateso. Anayemtunza naye anahitaji kupumzika, hivyo ndugu wapeane zamu. Mzee akitishiwa au kupigwa kwa madai ya uchawi, toeni taarifa mara moja kwa polisi au kwa wahudumu wa ulinzi katika makazi yenu.