Sifuri na Kanuni ya Kugawanya

Neno sifuri limeingia katika Kiswahili kutoka Kiarabu, na Waarabu nao walilitumia kufasiri neno la Kisanskriti shunya. Yote mawili yana maana ya utupu. Wanazuoni wa Bara Hindi walijua kuijumlisha sifuri, kuitoa na kuizidisha. Kilichowatatiza ni kugawanya.

Brahmagupta, katika kitabu alichokitunga mwaka 628, alisema kwamba sifuri ikigawanywa kwa sifuri jawabu ni sifuri. Namba nyingine ikigawanywa hivyo, aliiacha iandikwe juu ya sifuri bila kuitajia thamani. Na kunyamaza huko kulikuwa na busara kuliko kanuni yenyewe. Yapata mwaka 850 Mahavira alisema kwamba namba hiyo haibadiliki. Kauli hii si ya kipuuzi, maana tende 12 zikikosa mtu wa kugawiwa hubaki 12. Walakini 12 hizo ni baki, wala si fungu la mtu, na kinachotafutwa ni fungu.

Bhaskara, katika karne ya 12, alisema jawabu ni kiasi kisicho na mwisho, akakifananisha na Vishnu, asiyebadilika viumbe wanapoumbwa wala wanapoangamia. Mfano ni mzuri, lakini hesabu haikubali. Kugawanya ni kurudisha nyuma kazi ya kuzidisha: 12 kwa 4 ni 3, kwa kuwa 3 mara 4 ni 12. Basi ikiwa 12 kwa sifuri na 5 kwa sifuri zina jawabu moja, jawabu hilo mara sifuri litakuwa 12 na papo hapo 5. Hakuna namba iwezayo hayo. Na sifuri kwa sifuri ina kasoro ya kinyume, kwani kila namba yafaa kuwa jawabu lake.

Hata hivyo, katika Lilavati, kitabu cha mwaka 1150, Bhaskara mwenyewe aliuliza: ni namba gani ambayo ikizidishwa kwa sifuri, ikaongezwa nusu yake, ikazidishwa kwa 3, kisha ikagawanywa kwa sifuri, hutoa 63? Alijibu 14, kwa kuzifuta sifuri mbili kana kwamba ni namba za kawaida. Mwaka 1734 George Berkeley aliwashutumu wafuasi wa Newton kwa kosa la namna hiyo: kukitumia kiasi kana kwamba si sifuri, kisha kukitupa kana kwamba ni sifuri.