Somo la Dini Lilipofungiwa Mlango wa Shule

Wengi wetu tunadhani kwamba somo la dini limekuwamo daima katika shule za Kongo, kama ubao na chaki. Sivyo. Liliwahi kutolewa shuleni kwa amri, kisha likarudishwa. Tukumbuke mambo yalivyokwenda, kwani yana mafundisho kwetu sisi makatekista, na zaidi kwa wazazi.

Tarehe 26 Mei 1906 Baba Mtakatifu na Serikali ya mfalme Leopold II walifanya mapatano. Serikali iliahidi kuzipa misioni ardhi, hektari 100 hata 200. Misioni nazo zikaahidi kufungua shule na kufundisha kilimo na kazi za mikono. Tangu miaka ya 1920 Serikali ya Wabelgiji ikatoa fedha za kusaidia shule hizo. Basi shule na Kanisa vikawa kama nyumba moja: mtoto aliyejifunza kusoma alijifunza papo hapo katekisimu.

Mwaka 1954 Auguste Buisseret, waziri wa makoloni, alianza kufungua shule za Serikali kwa watoto Wakongo, shule zisizo za misioni. Humo mzazi alichagua: mtoto wake asome dini, ama asome maadili tu. Ugomvi mkubwa ukatokea, na wamisionari wengi waliona hatari. Lakini tuseme kweli: jambo moja jema lilikuwamo. Mzazi aliulizwa neno lake.

Mwaka 1974 hakuulizwa mtu. Mwaka 1972 Serikali ya Prezidenti Mobutu ilikuwa imekwisha kukataza majina ya ubatizo. Mwaka 1974 ikafuta sikukuu ya Noeli katika siku za mapumziko, na mwisho wa mwaka huo ikatwaa shule za makanisa. Somo la dini likaondolewa, na mahali pake yakawekwa mafundisho ya siasa ya chama cha MPR.

Je, watoto wangesikia wapi habari za Yesu? Aliyezoea kuiachia shule kazi yote alibaki mikono mitupu. Katekisimu ikarudi parokiani, nyumbani, na katika jumuiya ndogo ambazo maaskofu wetu walizichagua tangu 1961 kuwa njia ya uchungaji. Kwetu mashariki tunaziita Shirika. Huko mama asiye na diploma aliweza kuwa mwalimu.

Serikali ilishindwa kuutunza vema mzigo ilioutwaa. Tarehe 26 Februari 1977 ilitia sahihi mapatano mapya na Wakatoliki, Waprotestanti na Wakimbangu. Shule zikabaki za Serikali, lakini makanisa yakapewa kuziongoza, na somo la dini likaingia tena darasani. Hata leo mapatano hayo ndiyo yanayotuongoza.

Tulifurahi, na ni haki kufurahi. Lakini tujihadhari, tusilale tena usingizi ule wa kwanza. Tangu Septemba 2019 shule ya msingi ya Serikali hailipiwi, na madarasa mengi yamejaa mno. Mwalimu mwenye umati mbele yake atauliza saa ngapi moyo wa kila mmoja? Siku moja tulimsikia mtoto akitaja Mitume kumi na wawili bila kukosa hata mmoja. Tukamwuliza: « Na nyumbani mnaongea habari zao? » Akatutazama kwa mshangao: « Hapana, mwalimu. Hayo ni ya shuleni. »

Jibu hilo lilituchoma. Mtoto alikuwa na alama zote, lakini dini yake ilibaki ndani ya daftari. Daftari likifungwa, nini kitabaki?

Mtaguso wa pili wa Vatikano ulifundisha mwaka 1965 kwamba wazazi ndio walezi wa kwanza wa watoto wao. Jambo hilo si jipya. Mtume Paulo alipoisifu imani ya Timoteo, alimkumbusha bibi yake Loisi na mama yake Eunike. Hakutaja shule.

Basi, wazazi wapenzi, shule ni msaidizi mwema, nasi tuipende na kuitegemeza. Lakini mlango wake uliwahi kufungwa kwa amri ya siku moja. Mlango wa nyumba yenu, ni ninyi mnaoshika ufunguo. Jioni hii, kabla watoto hawajalala, fungueni Injili, mwasimulie habari moja tu. Kesho nyingine.