Mganda wa Kwanza Stejini Awasi

Januari 2008, lori moja lenye namba inayoanza na U lilikwama Awasi. Huko mbele, barabara ya Kisumu ilikuwa imejaa mawe na tairi zinazoungua, kwa hivyo dereva aliegesha karibu na kibanda cha nyanya yangu akangoja. Nilikuwa na miaka kumi. Tulimzunguka tukiimba, "Jeshi ya Museveni! Jeshi ya Museveni!" Jamaa mwenyewe alikuwa amevaa malapa na ameshika jagi tupu.

Wimbo huo hatukuutunga sisi. Uchaguzi wa Desemba 2007 ulikuwa umeichana nchi, na kabla mambo hayajatulia zaidi ya watu 1,100 wangekuwa wameuawa. Rais Museveni alikuwa miongoni mwa marais wa kwanza kumpongeza Kibaki, na kote Nyanza watu walisikia kwamba wanajeshi wa Uganda wamevuka mpaka. Serikali ya Uganda ilikanusha, lakini nani alikuwa na muda wa kusikiliza? Malori ya Uganda yalipita kwetu kila siku kuelekea Busia, na madereva tuliwaona kupitia dirishani tu. Huyu ndiye alikuwa wa kwanza kukanyaga chini mbele yetu. Maskini, akabebeshwa nchi nzima.

Kisha akaomba maji. Hakuomba kwa Kiswahili wala Kiingereza. Aliongea lugha ambayo nyanya aliielewa, ingawa maneno mengine yalimfanya ainue nyusi. Alikuwa Mpadhola wa Tororo. Wapadhola ni Wajaluo wenzetu: mababu zao walitoka kaskazini katika uhamaji uleule uliowaleta mababu zetu kwenye ziwa, ila wao walibaki huko Tororo. Nyanya alimjazia jagi, akampa kiti, kisha akatugeukia. "Muachilieni. Huyu si Mganda. Huyu ni wetu."

Kwa miaka mingi niliisimulia hadithi hii kama hadithi ya wema. Na kweli ilikuwa ya wema, maana siku zile neno la nyanya lingeweza kuokoa maisha ya mtu. Lakini sikiliza tena alivyosema. Hakusema Waganda ni watu kama sisi. Alimtoa huyu mmoja kwenye kundi, na kundi likabaki palepale lilipokuwa. Jioni hiyohiyo tulirudi barabarani kungoja lori lingine.

Kichekesho ni kwamba hata hilo kundi halina mizizi mirefu. Reli ilipofika Kisumu Desemba 1901, iliitwa Reli ya Uganda, na kweli ilikuwa imeishia ndani ya Uganda. Mkoa wa Mashariki wa Uganda ulifika hadi kando ya Naivasha. Mwaka 1902 Waingereza waliuhamishia upande huu ili reli yote iwe chini ya utawala mmoja. Kwa kalamu tu, watu wa Awasi wakalala Uganda wakaamka kwingine, bila kuhamisha hata ng'ombe. Februari 1976 Idi Amin aliikumbuka ramani hiyo akadai ardhi hadi karibu na Nairobi. Waliokuwa watu wazima wakati huo, nyanya akiwemo, walibaki na picha ya Mganda kama mtu anayetaka kuja kukunyang'anya shamba. Kwa hivyo dereva aliposhuka na jagi lake mwaka 2008, alishukia kwenye picha iliyomngoja miaka 32.

Mimi nilikuja kulielewa hilo nilipokaa kiti chake. Miaka kadhaa baadaye nilienda Kampala, nikapanda taksi, zile tunazoita matatu. Nilimuuliza kondakta nauli kwa Kiswahili, kwa ile sauti ya Kikenya isiyojua kunong'ona. Mama mmoja mzee aliyeketi kando yangu alivuta mkoba wake akaukumbatia. Niliudhika. Mimi, mwizi?

Lakini yule mama hakuwa akinisikia mimi. Kiswahili kilikuwa lugha ya jeshi Uganda tangu enzi za mkoloni, na chini ya Amin ndiyo lugha iliyogonga mlango usiku. Waganda wengi wa umri wake walijifunza kuiogopa hivyo. Nilichodhani ni lugha ya ujirani, kwake ilikuwa sauti ya mtu mwenye bunduki. Tulikuwa tumekutana kwa dakika ishirini tu, kila mmoja akiwa na historia ambayo mwenzake hakuijua.

Foleni ilikuwa ndefu, tukaanza kuongea kwa Kiingereza. Alinionyesha mahali pa kushukia, tena akamsihi kondakta asinipitishe. Nilipomwambia natoka Kenya, alinitazama vizuri, akatabasamu.

"Lakini wewe," akasema, "si kama wale Wakenya wengine."

Nilishukuru. Nilikuwa nimeshashuka, taksi imeondoka, ndipo nikamkumbuka dereva wa Tororo, jagi mkononi, akitabasamu huku nyanya akimwambia yeye si Mganda. Sijui alijisikiaje. Najua tu kwamba na yeye pia alishukuru.