Kipande cha kingamwili chenye mng'ao wa kuchochewa

Istilahi hii ni ndefu, lakini ukipunguza neno moja tu maana inapotea. Tukisema "kinachong'aa", msomaji atadhani kitu hicho kina mwanga wake chenyewe, na sivyo. Rangi ya floresini hunyonya mwanga wa buluu, papo hapo ikatoa wa kijani. Ukizima buluu, kijani nacho kinatoweka. Ndiyo maana nashikilia "kuchochewa".

Faida ya mng'ao huo ilionekana wazi Erlangen, Ujerumani, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2014. Wagonjwa 25 walikuwa na ugonjwa wa Crohn, ambapo kinga ya mwili huugeuzia utumbo silaha zake. Madaktari walinyunyizia humo adalimumab, kingamwili inayotumika kama dawa, safari hii ikiwa imetiwa floresini, kisha wakachungulia kwa mrija wenye darubini ya leza. Seli zilizobeba TNF, protini inayochochea uvimbe, zikaonekana kwa kijani. Waliokuwa na seli nyingi za aina hiyo, asilimia 92 walipata nafuu walipotibiwa kwa dawa ileile. Waliokuwa na chache, asilimia 15 tu. Kwa mgonjwa, hiyo ni miezi ya kumeza matumaini bure inayoweza kuepukwa.

Hiyo ilikuwa kingamwili nzima, yenye umbo la herufi Y. Mwishoni mwa miaka ya 1950, Mwingereza Rodney Porter alikata kingamwili za umbo hilo kwa papaini, kimeng'enya cha utomvu wa papai. Mikono ilibaki na uwezo wa kushika, na mkia, ambao kazi yake ni kuita seli nyingine za kinga, ukaachana nayo. Kwa hiyo nasema "kipande", si "sehemu": sehemu yaweza kuwa bado imeungana na mwenziwe, kipande kimekwisha kukatwa.

Mkono mmoja una uzito wa takriban theluthi ya kingamwili nzima. Figo huuchuja haraka, basi mng'ao unabaki pale tu uliposhika, na picha inakuwa safi. Kwa tiba, haraka hiyo ni hasara. Certolizumab pegol, kipande kinachozuia TNF, kilichoidhinishwa Marekani mwaka 2008 kwa ugonjwa huohuo wa Crohn, kimefungwa kwenye polima ili kidumu mwilini. Na kwa kuwa hakina mkia, ambao ndio kondo la nyuma huushika ili kuivusha kingamwili, kwa mjamzito ni kidogo mno kinachomfikia mtoto.