Kabla ya Kuifungua Kuli

Riwaya ya kihistoria huwa na nyakati mbili: wakati unaosimuliwa na wakati wa kusimulia. Mwalimu anayewaandaa wanafunzi kuisoma Kuli ya Adam Shafi hana budi kuzitenganisha nyakati hizo kabla ukurasa wa kwanza haujafunguliwa. Riwaya hiyo ilitoka mwaka 1979, nayo inahusu maisha ya makuli wa bandari ya Unguja na mgomo wa mwaka 1948. Baina ya miaka hiyo yamo Mapinduzi ya Januari 1964.

Kwa mwanafunzi aliyelelewa Muscat au London, 1964 si tarehe ya kitabuni tu. Ni mazungumzo ya nyumbani, au kimya cha nyumbani. Mmoja amekuzwa na simulizi za waliokimbia; mwingine, na simulizi za waliojiona wamekombolewa. Wote wawili huelekea kuufanya mgomo kuwa utangulizi wa Mapinduzi, kila mmoja akitafuta ndani ya riwaya ushahidi wa upande wake.

Wapo walimu wanaolikabili jambo hili kwa mhadhara mrefu kuhusu ukoloni. Mhadhara huo una elimu, lakini humpa msomaji hukumu kabla hajawasikia mashahidi. Mazoezi matatu mafupi yanafaa zaidi.

La kwanza ni la msamiati. Wanafunzi walinganishe maneno matatu: mchukuzi, linalotokana na kitenzi kuchukua, hamali, lenye asili ya Kiarabu, na kuli, lililotoka Bara Hindi na kuenea katika himaya ya Waingereza. Kisha wajiulize kwa nini mwandishi alilichagua la tatu kuwa jina la riwaya.

La pili ni la ramani. Waitazame Mji Mkongwe na Ng'ambo, sehemu mbili zilizotenganishwa na mkono wa bahari ambao sasa umefukiwa, ingawa jina la Darajani bado linatukumbusha daraja lililokuwapo. Wakadirie kuli aliyeishi Ng'ambo alitembea umbali gani kwenda bandarini, na njiani alipita mbele ya majumba ya nani.

La tatu ni la tarehe. Mwaka 1948 Zanzibar ilikuwa chini ya himaya ya Uingereza, Sultani akiwa Khalifa bin Haroub. Hizbu kilianzishwa mwaka 1955 na Afro-Shirazi mwaka 1957. Mgomaji wa 1948 basi hakuvijua vyama hivyo, wala hakuyajua yatakayotokea 1964. Alijua ujira wake, bei ya chakula na uzito wa gunia begani.

Riwaya ikishamalizika, darasa lirejee kwenye tarehe hizo na kuuliza mwandishi wa 1979 alihitaji nini kutoka 1948. Hapo simulizi za nyumbani zina nafasi yake, na wanafunzi wawili waliorithi kumbukumbu zinazopingana wataweza kuzijadili wakiwa na kitabu kimoja mbele yao.