Shahidi Aliye Nje ya Ushirika: Nani Apime Matunda ya Imani?

Mfano wa mti na matunda yake, katika Mathayo 7, umehubiriwa kwetu hata watu huutaja kama methali ya nyumbani. Kinachopita bila kuangaliwa ni kwamba aya chache tu mbele yake, Yesu anawakataa watu waliotoa unabii, wakafukuza pepo na kufanya miujiza, tena kwa jina lake. Hakani kwamba waliyafanya, anasema hakuwajua. Sehemu kubwa ya yale yanayojaza viwanja vya mikutano ya injili leo imekwisha kuondolewa katika hesabu ya matunda, na aliyeiondoa ni mwenye mfano. Basi matunda ni yapi, na nani ana haki ya kuyaonja? Nashughulika na swali la pili, kwa kuwa naona la kwanza halijibiki bila hilo.

Afrika Mashariki imelijaribu jambo hili kwa vitendo. Septemba 1929, kwenye kilima cha Namirembe, Kampala, Joe Church, daktari Mwingereza wa hospitali ya misheni ya Gahini, mashariki mwa Rwanda, alikutana na Mganda Simeoni Nsibambi. Siku walizosoma Biblia na kusali pamoja huhesabiwa kuwa chimbuko la Uamsho wa Afrika Mashariki. Nduguye Nsibambi, Blasio Kigozi, alihudumu Gahini hadi alipofariki Januari 1936. Mwaka uliofuata moto ulikuwa umefika Kenya, kisha ukaingia Tanganyika, hasa Bukoba, ambako ulimlea Josiah Kibira, aliyekuja kuwa askofu na, mwaka 1977, rais wa Shirikisho la Kilutheri Duniani. Jina la Kiganda, balokole, likatuachia neno “mlokole”, ambalo hadi leo ni heshima au kejeli, kutegemea anayelitamka.

Walokole wa mwanzo hawakutosheka na toba ya mdomoni. Aliyeiba alirudisha. Aliyekwepa kodi alikwenda bomani kuilipa, na aliyechukua dawa au mashuka ya hospitali aliyabeba mchana kweupe kuyapeleka kwa mganga mkuu. Wapo wanaoliona jambo hili kama kituko cha kidini, na baadhi ya wamisionari waliona ni kuzidisha mno. Mimi naliona kuwa ndilo jambo zito kuliko yote katika Uamsho, kwa sababu ya aliyekuwa akipokea. Mwenye duka, pengine Mhindi asiyewahi kuingia kanisani, hakuhitaji kuamini damu ya Yesu ili ahesabu shilingi zake. Zilitimia au hazikutimia. Toba ya mlokole ilikuwa imepata shahidi ambaye hakuwa na faida yoyote katika kuisifu, na ambaye ndiye hasa aliyedhulumiwa.

Lakini ushirika wowote unaodumu huzaa alama zake, na alama husomwa na wenyewe kwa wenyewe. Namna ya kutoa ushuhuda ikapata mtindo. Asiyeungama kwa mtindo ule akaonekana amepoa. Mavazi yakaingia, na baadaye kundi la Abazukufu nchini Uganda likafanya hata kukopa fedha kuwa dalili ya kulala kiroho. Mwaka 1941 chuo cha teolojia cha Mukono kiliwafukuza wanafunzi 26, William Nagenda akiwa mmojawao, waliokaidi amri ya kuacha maombi yao ya alfajiri. Wakuu wa chuo waliona kiburi na uasi. Wanafunzi waliona kanisa lililosinzia na viongozi wanaofumbia macho dhambi. Kila upande ulikuwa na matunda ya mwenzake mkononi, umeyakagua, umeyatupa. Hakuna aliyeitwa kutoka nje kusema lolote.

Linganisha na Kenya ya hali ya hatari, baada ya 1952. Walikuwapo walokole Wakikuyu waliokataa kiapo cha Mau Mau wakakataa pia kubeba bunduki ya serikali. Msimamo huo wa kisiasa unaweza kupingwa, na umepingwa sana. Hata mimi siwezi kusema ulitenda haki kwa madai ya ardhi. Ila ulipimwa na pande mbili zisizowapenda, na zote mbili ziliweza kuthibitisha kwamba watu hawa hawakumwaga damu ya jirani.

Kipimo hiki kinauma zaidi Rwanda, nchi ya Gahini. Mwaka 1994 idadi kubwa ya Wanyarwanda walikuwa wamebatizwa, na alama za ushirika hazikuonyesha nani angefunga mlango na nani angeufungua. Israel Havugimana, mwinjilisti Mhutu aliyehubiri upatanisho, aliuawa mwanzoni kabisa mwa mauaji ya kimbari. Elizaphan Ntakirutimana, mchungaji Msabato wa Mugonero, ambaye kanisa lake halikuwa la Uamsho, aliandikiwa barua na wachungaji Watutsi waliokimbilia pale, wakimwomba awatetee. Februari 2003 mahakama ya kimataifa, Arusha, ilimhukumu miaka 10 kwa kusaidia mauaji ya kimbari. Walionusurika ndio walioleta ushahidi. Kumbukumbu ndefu ya utumishi wake isingeweza kuuleta. Kadhalika msitu wa Shakahola, kaunti ya Kilifi nchini Kenya, mwaka 2023: ndani ya msitu ule kufunga hadi kufa kulisomwa kuwa utakatifu, na waliopiga kelele kwamba kuna maafa walikuwamo ndugu wa damu waliobaki nje. Miili zaidi ya 400 ilifukuliwa.

Atakayenipinga ana hoja nzito, nayo ni ya kale. Kule Karthago, mwaka 411, Augustino aliwajibu Wadonatisti, waliotaka kanisa la watu safi tu, kwa mfano wa magugu: yaacheni hadi mavuno. Nakubali, pale ambapo swali ni nani ataingia mbinguni. Lakini onyo la mbwa mwitu, linaloutangulia mfano wa mti katika Mathayo 7, linawahusu kondoo wanaotakiwa kujua wamfuate nani jioni hii, wamkabidhi nani watoto wao na sadaka yao. Kwa swali hilo dogo hatuhitaji kuusoma moyo wa mtu. Tunahitaji kwenda kwa mfanyakazi wake wa ndani, kwa mdai wake, kwa jirani wa dini nyingine anayepakana naye shamba, na kuuliza.

Nakiri kwamba Injili yenyewe si mara zote inafanya hivyo. Zakayo, mtoza ushuru, anaahidi kurudisha mara nne kwa kila aliyemdhulumu, na wokovu unatangazwa nyumbani mwake siku ileile. Luka anaikatisha habari hapo. Hakuna mtu wa Yeriko anayeletwa kusema kama alilipwa.