Maoni ya umma kuhusu leseni za miradi ya baharini

Maoni ya umma ni haki ya wananchi kusikilizwa kabla ya serikali kuruhusu mradi unaogusa bahari au pwani. Nchini Kenya haki hiyo imo katika Sheria ya Mazingira ya 1999 na kanuni za tathmini ya athari kwa mazingira za 2003: mwombaji hubandika matangazo, hutangaza magazetini na redioni, na huitisha angalau mikutano 3, kisha mamlaka ya mazingira, NEMA, hualika maoni juu ya ripoti ya tathmini yenyewe.

Hatua hiyo ya mwisho ndiyo yenye uzito, na kesi ya Lamu yathibitisha. Kampuni ya Amu Power, iliyopewa leseni mwaka 2016 ya kujenga mtambo wa makaa ya mawe wa megawati 1,050 huko Kwasasi, ilidai kwamba mikutano ilifanyika. Ilifanyika kweli, ila kabla ya utafiti kukamilika. Wavuvi wa hapo hawangeweza kujibu matokeo wasiyoyaona. Tarehe 26 Juni 2019 Mahakama ya Kitaifa ya Mazingira ilifuta leseni hiyo. Wako wanaosema ripoti nene za kitaalamu haziwahusu wavuvi. Hoja hiyo ni dhaifu: maji ya moto ya mtambo yakimwagwa baharini, anayetega nyavu hapo ndiye shahidi wa kwanza.

Utaratibu wa namna hii haupo kwenye nchi za pwani pekee. Rwanda haina bahari. Huko, kinacholingana na leseni hiyo ni cheti cha tathmini ya athari kwa mazingira.